Nyaraka zikipotea, malipo nayo hupotea

MFANYABIASHARA wa Kilosa anayeuza kokoto, mbao, mafuta au chakula kwa mkandarasi huwa na maswali mawili kabla ya kupakia mzigo wa kwanza: bei ni kiasi gani, na malipo yatatoka lini. Lipo swali la tatu ambalo wachache huliuliza, nalo lina uzito kuliko hayo mawili. Karatasi za mzigo huo zitatunzwa na nani, wapi na kwa utaratibu gani?

Swali hilo si la makarani peke yao. Katika miradi mikubwa ya ujenzi, fedha hazitembei kwa kufuata lori; hutembea kwa kufuata jalada. Mzigo unaweza kuwa umekwisha kumwagwa, kushindiliwa na kupitiwa na treni, lakini kama hati yake ya kupokelewa haionekani, kwa mhasibu mzigo huo haujafika. Ndiyo maana mifumo ya kompyuta ya kutunza nyaraka, ambayo mameneja wa miradi wamekuwa wakiitumia kwa wingi zaidi, ni jambo linalomhusu pia mtu mwenye lori moja na duka la vifaa.

Wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Mji wa Kilosa uko kwenye Reli ya Kati, iliyofika hapo mwaka 1909 wakati wa utawala wa Wajerumani. Mikumi, iliyoko katika wilaya hiyo hiyo, iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, kando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Reli ya tawi kutoka Kilosa kupitia Mikumi ilifikishwa Kidatu katika miaka ya 1960.

Kisha ikaja reli ya kisasa ya SGR. Mkataba wa kipande cha Morogoro hadi Makutupora, chenye kilometa 422 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini mwaka 2017 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kwa thamani ya takriban dola za Marekani bilioni 1.92. Kipande hicho kinapita katika milima ya Kilosa, ambako ilibidi kuchimbwa mahandaki. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza Julai 25, 2024 na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 1, 2024.

Mradi wa namna hiyo huzaa karatasi kwa maelfu: michoro, barua, maelekezo ya kazi, vipimo vya udongo na zege, hati za kupokea mizigo, ankara, hati za malipo, dhamana za benki, bima, orodha za vibarua na taarifa za ajali. Meneja wa mradi hawezi kuzisoma zote. Anachohitaji ni uhakika kwamba ile anayoitaka ataipata, na kwamba ndiyo yenyewe.

Masjala ndani ya kompyuta

Mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini anaifahamu masjala. Barua ikiingia hupigwa mhuri wa tarehe, huandikwa katika rejista, hupewa namba ya folio na kuwekwa katika jalada lenye namba yake ya kumbukumbu. Mkubwa akilitaka jalada, karani huandika ni nani kalichukua na lini. Juu ya barua huandikwa dokezo, na afisa anayefuata hujibu kwa dokezo lake. Atakayelifungua miaka kumi baadaye ataona ni nani alisema nini, na baada ya nani.

Mfumo wa kompyuta wa kutunza nyaraka ni masjala hiyo hiyo, ila umeondolewa udhaifu wake mkubwa. Jalada la karatasi huwa mahali pamoja tu. Likiwa mezani kwa bosi aliyesafiri, ofisi nzima husubiri, na jibu analopewa mwenye shida zake ni lile linalojulikana nchi nzima: jalada halionekani. Katika mfumo wa kompyuta, mhandisi aliye Dar es Salaam, msimamizi aliye kwenye kambi ya Kilosa na mhasibu aliye makao makuu wanaweza kuusoma waraka mmoja kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hapo mfumo hufanya mambo matano. Kwanza, huupa kila waraka namba isiyorudiwa. Pili, hutunza matoleo yote ya waraka kwa mfuatano na kuonyesha lipi ndilo la mwisho. Tatu, huweka mipaka ya nani asome, nani arekebishe na nani aidhinishe. Nne, huandika wenyewe kila tendo: nani alifungua, nani alibadili, saa ngapi. Tano, humkumbusha mhusika kwamba waraka fulani unamsubiri na siku zake zinakwisha.

Viwango vya kimataifa vipo. Kiwango cha ISO 15489 kinachohusu utunzaji wa kumbukumbu kilitolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016. Kiwango cha ISO 19650, kilichoanza kutolewa mwaka 2018 kwa ajili ya sekta ya ujenzi, hugawa nyaraka katika hali nne: inayoandaliwa, inayoonyeshwa wengine ili waitolee maoni, iliyoidhinishwa kutumika, na iliyowekwa kuwa kumbukumbu. Faida ya mgawanyo huo ni moja nayo ni kubwa: fundi hatakiwi kujenga kwa kutumia waraka ambao bado unaandaliwa.

Mchoro upi ndio wenyewe?

Kazi ya reli au barabara si kama kazi ya jengo. Jengo liko mahali pamoja. Reli imetandazwa katika mamia ya kilometa, na kila kambi ina kontena lake la ofisi na kabati lake la michoro.

Chukua mfano wa kalvati moja. Mchoro wa kwanza, toleo A, unaonyesha upana fulani wa tundu la kupitishia maji. Baada ya vipimo zaidi, mhandisi anatoa toleo B. Mvua kubwa inanyesha, maji yanapimwa upya, na toleo C linatoka likiwa na tundu kubwa zaidi. Barua ya kupeleka toleo C inatumwa kwenye kambi, lakini msimamizi yuko likizo, na aliyeshika nafasi yake anaendelea na toleo B lililobandikwa ukutani.

Kosa hilo likigunduliwa baada ya zege kukauka, kuna gharama tatu. Ya kwanza ni kubomoa na kujenga upya. Ya pili ni siku zilizopotea, ambazo katika mikataba mingi hugeuka kuwa makato kwa mkandarasi. Ya tatu haiandikwi katika kitabu chochote cha mradi: nayo ni ya yule aliyeleta saruji, nondo na mchanga wa kalvati lililobomolewa. Yeye alipeleka mzigo kwa uaminifu, lakini ankara yake sasa imo ndani ya mgogoro wa watu wengine.

Mfumo ulio sawa huzuia hali hiyo kwa njia rahisi. Toleo C likishaidhinishwa, toleo B huondolewa katika orodha ya michoro ya kazi na kubaki kama kumbukumbu. Msimamizi wa kambi hutakiwa kuthibitisha kwamba amelipokea, na asipothibitisha, jina lake hubaki kwenye orodha anayoiona meneja kila asubuhi.

Saa ya mkataba haisubiri

Mikataba mingi mikubwa ya ujenzi duniani hufuata vitabu vya masharti vya shirikisho la wahandisi washauri, FIDIC. Chini ya Kitabu Chekundu cha FIDIC, toleo la 1999, mkandarasi anayetaka muda zaidi au malipo ya ziada hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua, au alipopaswa kulijua, tukio lililosababisha dai. Asipofanya hivyo dai hilo hupotea, hata kama lilikuwa la haki. Maelezo kamili yenye ushahidi hufuata ndani ya siku 42.

Upande wa malipo nao una saa yake. Mkandarasi hupeleka kwa mhandisi maelezo ya kazi iliyofanyika pamoja na vielelezo. Mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwenye mradi ana hadi siku 56, zikihesabiwa tangu mhandisi alipopokea maelezo hayo, kulipa. Yaani hata mambo yakienda vizuri bila kasoro, fedha zinaweza kuchukua karibu miezi miwili. Vielelezo vikiwa pungufu, mhandisi anaweza kukiacha nje ya hati kiasi kisichothibitishwa, na kiasi hicho kitasubiri mzunguko mwingine.

Hapa ndipo meneja wa mradi anapouona mfumo ukilipa gharama zake. Mvua iliyosimamisha kazi siku tatu si hoja mpaka iwe na shajara ya kazi ya siku hizo, vipimo vya mvua, picha zenye tarehe na orodha ya mitambo iliyokaa bure. Vitu hivyo vikikusanywa siku ile ile na kuunganishwa na namba moja ya tukio, dai huandikwa kwa siku moja. Visipokusanywa, watu wawili watatumwa kupekua makabati kwa wiki mbili, na siku 28 hazitawangoja.

Hesabu ya mfanyabiashara wa kokoto

Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo la msingi ni namna kuchelewa huko kunavyomfikia. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu.

Mzabuni anapeleka tripu 40 za kokoto kwa Sh 600,000 kila tripu. Ankara yake ni Sh 24,000,000. Katika kila tripu anabakiwa na faida ya Sh 50,000, hivyo faida yote ni Sh 2,000,000. Ili kununua mafuta na kulipa machimbo amekopa Sh 15,000,000 kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi, yaani Sh 300,000 kila mwezi.

Mhasibu wa mkandarasi hulinganisha karatasi tatu kabla ya kulipa: hati ya agizo, hati za kupokelewa mzigo na ankara. Agizo linasema tripu 40, ankara inasema tripu 40, lakini hati za kupokea zilizofika ofisini ni 34. Sita zilisainiwa usiku na mlinzi badala ya karani wa stoo, zikabaki kwenye droo ya kambi. Kwa kuwa karatasi hizo tatu hazilingani, ankara yote inawekwa kando.

Ikiwa itachukua miezi miwili kuzitafuta, riba ya ziada ni Sh 600,000, na mzabuni amepoteza asilimia 30 ya faida yake. Zisipopatikana kabisa na akalipwa tripu 34, atakosa Sh 3,600,000. Hapo faida yote ya Sh 2,000,000 imekwenda, na mtaji wa Sh 1,600,000 umekwenda nayo, bila kuhesabu riba. Kokoto hazikuwa mbovu, bei haikuwa mbaya, na hakuna aliyemwibia. Amefilisiwa na droo.

Mkandarasi mwenye mfumo mzuri humwepusha mzabuni na hasara hiyo. Karani wa stoo hupiga picha ya hati mbele ya dereva, picha huingia katika mfumo ikiwa na namba ya agizo, na siku hiyo hiyo mhasibu huona idadi ya tripu zilizopokelewa. Kama kuna tofauti, huonekana lori likiwa bado getini.

Mradi hubadili mikono

Sababu nyingine ya kujali nyaraka ni kwamba mradi huishi muda mrefu kuliko waliouanzisha. Historia ya reli yetu ni ushahidi wa kutosha. Shirika la Reli Tanzania liliundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49, wakati mali za reli zilikuwa chini ya RAHCO. Serikali ilizirudisha hisa hizo mwaka 2011. Kisha Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaziunganisha RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania kwa mara nyingine, na mikataba ya SGR iliyosainiwa na RAHCO ikahamia kwa shirika jipya.

Kila mabadiliko ya namna hiyo ni mtihani wa majalada. Anayekuja hurithi mikataba, madeni, dhamana na madai, na silaha yake pekee ni kumbukumbu aliyoachiwa. Mzabuni anayedai naye hukutana na maafisa wapya wasiomjua kwa sura. Ahadi ya mdomo ya bwana aliyehamishwa haina thamani kwao. Barua yenye namba ya kumbukumbu inayo.

Upande wa Mikumi upo mfano wa aina nyingine. Mradi wa kuendeleza utalii wa kusini uitwao REGROW, ulioihusisha Hifadhi ya Mikumi pamoja na Ruaha, Udzungwa na Nyerere, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa dola milioni 150. Utoaji wa fedha zake ulisimamishwa Aprili 2024 kufuatia malalamiko yaliyohusu eneo la Ruaha, na mradi ukafutwa Novemba 2024. Somo la kibiashara linaihusu miradi yote ya wafadhili: mradi unaweza kufungwa kabla ya siku yake. Ukifungwa, kazi iliyokamilika na yenye hati ina njia ya kudaiwa. Kazi isiyo na hati ina maelezo tu.

Mto Mkondoa na kumbukumbu ya maji

Zipo nyaraka ambazo thamani yake huonekana baada ya miaka mingi. Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yamekuwa adui yake wa siku zote. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwafukuza maelfu ya watu katika makazi yao wilayani Kilosa, yaling'oa njia ya reli na kusimamisha treni kwa miezi kadhaa. Mizigo ya kwenda Tabora, Mwanza, Kigoma na nchi jirani ilibidi itafute malori, na bei zikafuata. Baadaye Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, lilifanya uchunguzi kuhusu namna ya kuilinda reli dhidi ya mafuriko katika eneo hilo.

Mhandisi anayepanga ukubwa wa daraja katika bonde kama hilo huuliza maji yalifika wapi mwaka fulani, tuta lilikatika wapi, na lilitengenezwa kwa udongo gani. Majibu yamo katika shajara, michoro na vipimo vya waliomtangulia. Vikiwa vimetunzwa, daraja hupangwa kwa kumbukumbu ya miongo mingi. Vikiwa vimeliwa na mchwa, hupangwa kwa vipimo vya misimu michache, na gharama ya kukosea hulipwa na abiria, mlipa kodi na mfanyabiashara ambaye mzigo wake umekwama stesheni.

Kwa hiyo meneja makini huhesabu makabidhiano ya nyaraka kuwa sehemu ya kazi, sawa na makabidhiano ya funguo. Michoro inayoonyesha kitu kilivyojengwa hasa, na si kilivyokusudiwa, ndiyo atakayoishika fundi wa matengenezo miaka 20 ijayo.

Pale mfumo unaposhindwa

Pamoja na faida hizo, kununua programu hakutoshi, na wapo waliotumia fedha nyingi wakabaki na vurugu ile ile ndani ya mashine ghali.

Kosa la kwanza ni kuhamishia fujo kwenye kompyuta. Majalada yasiyo na mpangilio yakipigwa picha hubaki hayana mpangilio. Utaratibu wa namba na majina lazima uamuliwe kabla ya mashine kuwashwa. Kosa la pili ni kuendesha masjala mbili: ya karatasi inayoaminiwa na wakubwa, na ya kompyuta inayojazwa na vijana. Zikipishana, hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Kosa la tatu ni maamuzi kufanyika nje ya mfumo. Maelekezo ya mhandisi yanayotumwa kwa ujumbe wa simu ya mkononi hupotea simu inapobadilishwa, isipokuwa kama mtu ameyaingiza rasmi.

Kosa la nne ni kusahau mazingira. Umeme hukatika, na mtandao wa kambi ya porini si wa mjini. Mfumo unaofaa ni ule unaoruhusu kazi kufanyika bila mtandao na kupeleka kumbukumbu mtandao unaporudi, na ambao nakala zake zimehifadhiwa zaidi ya mahali pamoja. Na mwisho, hakuna programu inayochukua nafasi ya karani mwenye bidii. Mfumo usio na karani ni kabati lililofungwa na ufunguo ukapotea.

Kwa kampuni ndogo isiyoweza kununua mfumo mkubwa, kompyuta moja, makabrasha yaliyopangwa na rejista rahisi vinatosha kuanzia. Jina la waraka liwe na mahali, aina, namba na toleo. Kwa mfano, KLS-MCH-014-C humaanisha Kilosa, mchoro, namba 14, toleo C. Yeyote atakayelisoma ataelewa bila kuuliza, na mchoro wenye herufi B hautamdanganya tena.

Sheria nayo imesogea

Mabadiliko ya sheria yameufanya utunzaji huu uwe na nguvu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka ofisi za umma zitunze kumbukumbu zake kwa utaratibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilizipa kumbukumbu na saini za kielektroniki hadhi ya kutambuliwa kisheria, hivyo hoja kwamba waraka wa kompyuta si waraka imepitwa na wakati. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulichukua nafasi ya TANePS, na anayetaka zabuni za Serikali hana budi kujisajili humo na kuwa na nyaraka zake katika hali ya kupakiwa.

Kodi nayo ina masharti yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mlipa kodi hutakiwa kutunza kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano. Aidha, mkandarasi mkubwa hawezi kuingiza gharama yako katika hesabu zake bila risiti ya mashine ya EFD. Asiye na risiti hiyo ataambiwa apunguze bei, au hatapewa kazi kabisa.

Mzabuni mdogo afanye nini

Hatua za kujilinda hazihitaji mtaji. La kwanza, mzigo usipakiwe kabla ya hati ya agizo yenye namba, kiasi, bei na jina la mwenye mamlaka ya kusaini. La pili, ulizia mapema ni nani hasa anayeruhusiwa kupokea mzigo. Saini ya mlinzi si saini ya karani wa stoo. La tatu, hati za kupeleka mzigo ziwe na namba zinazofuatana na nakala tatu: moja ya dereva, moja ya stoo, moja ya kwako. La nne, piga picha ya kila hati iliyosainiwa kabla lori halijageuka. La tano, ankara ipelekwe kwa barua inayotaja viambatanisho, na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku za malipo huhesabiwa kuanzia mhuri huo.

La sita, kila mwisho wa mwezi linganisha daftari lako na la mkandarasi. Tofauti ya tripu mbili ni mazungumzo ya dakika kumi ikiwa na umri wa wiki mbili. Ikiwa na umri wa mwaka ni kesi.

Yupo pia anayefaidika na mpangilio huo kabla hata ya kulipwa. Benki kadhaa nchini hukopesha kwa dhamana ya hati za agizo au ankara zilizothibitishwa. Afisa wa mikopo huangalia zaidi kama karatasi zinashikana kuliko ukubwa wa kazi. Mzabuni mwenye jalada safi hupata fedha za kuanzia tripu ya kwanza. Mwenye karatasi kwenye mfuko wa rambo hurudi kwa mkopeshaji wa mtaani na riba yake.

Mwekezaji aangalie nini

Kwa mwenye hisa chache katika soko la Dar es Salaam, somo hili humfikia kupitia hesabu za mwaka. Kampuni za saruji na benki zilizoorodheshwa huuza au kukopesha kwa wakandarasi. Mauzo yakikua lakini wadaiwa wakakua kwa kasi zaidi, yafaa kujiuliza kama bidhaa zinalipwa au zinaandikwa tu. Jedwali la umri wa madeni huonyesha ni kiasi gani kimepita siku 90. Tangu mwaka 2018, kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 9 inazitaka kampuni zitenge fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa katika madeni, si mpaka mdaiwa ashindwe kabisa. Deni lenye nyaraka pungufu ni gumu kudaiwa, na mwishowe huonekana hapo kama upungufu wa faida na wa gawio.

Wazee wa pwani walikwisha kulisema jambo hili zamani, kabla ya kompyuta na kabla ya SGR: mali bila daftari hupotea bila habari. Treni ya umeme inapita Kilosa, na miradi mingine ya barabara, maji na utalii itafuata kati ya mji huo na Mikumi. Kazi zitakuwepo. Atakayelipwa kwa wakati ni yule ambaye, mhasibu akiuliza ziko wapi hati sita za usiku ule, atafungua jalada na kuzitoa.